Zamu ya usiku Malaba: mwezi wa nne sasa, mwili umekataa kuzoea

WakalaMpakani · Jumanne, saa 9:52 usiku

Habari za usiku wakuu, kwa wale mlio macho kama mimi. Naandika nikiwa kazini Malaba, upande wa Uganda, foleni ya malori imetulia kidogo.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yetu ni kuandaa hati za mizigo inayopanda kutoka Mombasa. Mpaka haufungwi, basi na sisi hatufungi. Ofisi inatupanga hivi: wiki ya kwanza mchana, wiki ya pili usiku (saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi), wiki ya tatu jioni, kisha tunarudi mwanzo.

Wiki ya usiku ndiyo inanimaliza. Natoka saa 1 asubuhi nimechoka kama punda wa mpakani, nafika nyumbani, nakula, saa 3 nimelala. Saa 6 adhuhuri macho kodo! Najigeuza mpaka alasiri wapi. Usiku nikirudi kazini, ikifika saa 10 akili inaganda. Wiki ya usiku iliyopita niliingiza kilo 2,640 kwenye kompyuta badala ya 26,400. Lori likalala yadi siku nzima, dereva akanitukana kwa lugha nne, na mkuu wangu akaniita ofisini.

Nimejaribu vinywaji vya kuongeza nguvu, chupa mbili mpaka tatu kwa usiku. Nimejaribu waragi, pombe kali ya huku, kidogo asubuhi ili nilale. Nimejaribu vidonge vya mafua vile vinavyolewesha. Mke wangu anasema nimekuwa mkali kama nyuki. Je, huu ni ugonjwa au ni uvivu? Jamaa yangu mmoja amenitisha kwamba huenda ni malale.

BodaTororo · saa 10:15 alfajiri

Kahawa kaka. Kahawa na maombi.

AskariMzee_Kla · saa 11:30 alfajiri

Kijana, mimi nalinda geti la watu Kampala mwaka wa kumi na moja huu, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Mwili unazoea. Nyie wa kompyuta mmedekezwa. Miezi minne ni michache, vumilia ufike mwaka.

TabibuTororo · saa 2:05 asubuhi

Wakala, pole. Si uvivu, na kwa maelezo yako si ugonjwa. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku Tororo, zamu za usiku nimezifanya miaka mingi, kwa hiyo ninayosema nimeyasoma na yamenipata.

Ndani ya ubongo, pale mishipa ya jicho la kulia na la kushoto inapopishana, juu yake kidogo, kuna kifundo cha seli za neva kama 20,000. Hakizidi punje ya mchele. Hicho ndicho saa ya mwili. Kinapanga joto lako lipande lini na lishuke lini, homoni gani imwagwe saa ngapi, njaa ije lini, mkojo upungue lini. Hakikuulizi.

Inavyotembea ni jambo la ajabu. Ndani ya seli kuna jeni zinazotengeneza protini. Protini zikijaa, zinarudi kuizima jeni ileile iliyozitengeneza. Zikichakaa na kupungua, jeni inawaka tena. Mzunguko huo unachukua karibu saa 24, kisha unaanza upya, maisha yako yote. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliufumbua kwa kuchunguza inzi wadogo, wale wanaorukaruka juu ya ndizi zilizoiva sana, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa njoo kwenye kilo zako 2,640. Joto la mwili wa mtu aliyezoea kulala usiku hushuka chini kabisa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri. Hapo ndipo akili inapokuwa nzito kuliko wakati wowote. Ukitazama ajali kubwa za viwandani utaikuta saa hiyo au jirani yake: mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island kule Marekani uliharibika mwaka 1979 saa 10 alfajiri, Chernobyl ukalipuka mwaka 1986 baada ya saa 7 usiku. Mitambo ilikuwa na kasoro zake, ndiyo, lakini waliokuwa wakiisoma na kuamua walikuwa watu wa zamu ya usiku.

Na kwa nini saa 6 adhuhuri macho kodo? Usingizi unabebwa na wawili. Wa kwanza ni uchovu: kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inarundikana ubongoni na kukuvuta kitandani. Wa pili ni hiyo saa. Usiku wote wawili wanabeba pamoja, unalala saa saba au nane bila taabu. Asubuhi uchovu unabeba peke yake, na saa inamvuta nyuma ikisema kumekucha. Baada ya saa tatu uchovu umepungua, saa imeshinda, umeamka. Hujakosea kitu hapo, ni hesabu tu.

Waragi achana nayo. Inakuangusha haraka halafu inavunja usingizi katikati. Vidonge vya mafua ulevi wake unabaki kichwani hata ukishaamka, ndiyo maana unaingia kazini na ukungu.

Malale nitayajibu baadaye, wagonjwa wameshajaa nje.

MamaWaBombo · saa 4:20 asubuhi

Mwanangu Wakala, kwanza muombe radhi mkeo. Mume wangu alilinda usiku miaka sita, najua ukali huo.

Sisi tulikuwa tunakaa muzigo, chumba kimoja na pazia katikati. Wageni wa nchi wanaosoma hapa wanaweza kushangaa, Uganda chumba cha kupanga tunakiita muzigo, na kweli ni mzigo. Mchana pale ni redio ya jirani, watoto, muuza samaki anapiga pembe, jogoo asiyejua saa. Mume alikuwa analala saa mbili tu anaamka na laana.

Nilichofanya: nikanunua kaniki nzito, nikashona mara mbili, nikapigilia dirishani na maboksi ya katoni nyuma yake. Chumba kikawa kaburi. Nikazungumza na majirani nyumba kwa nyumba. Mwanzoni walisema mume wangu mlevi, mwanamume gani analala saa 5 mchana! Nikawaambia, nyie mkiwa mmelala saa 9 usiku mtu akija kuwapigia redio mlangoni mtafanyaje? Wakaelewa. Watoto wakitoka shule wanapitia kwa bibi yao kwanza. Simu yake nakaa nayo mimi.

Na sisi Waislamu tunalijua hili kila Ramadhani. Siku za mwanzo za daku kichwa kinagonga, mtu anasinzia na kijiko mkononi.

AskariMzee_Kla · saa 10:40 jioni

Tabibu umeongea vizuri lakini mimi ni ushahidi unaotembea. Miaka 11. Nimezoea.

TabibuTororo · saa 2:30 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Sikubishii, nakuuliza tu. Ukitoka saa 12 asubuhi unarudije nyumbani? Siku za mapumziko unalala saa ngapi? Na kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, pale getini, huwa unafanya nini?

Nauliza kwa sababu watafiti wamepima melatonini, ile homoni ya giza, kwa watu wanaofanya kazi usiku mwaka mzima bila kubadilisha zamu. Wale ambao saa yao ya ndani ilikuwa imegeuka kabisa hawakufika hata 3 katika 100. Wengine wote wanaishi usiku, mwili uko mchana.

AskariMzee_Kla · saa 3:10 usiku

Marahaba. Narudi kwa miguu, Kibuli mpaka Nsambya. Siku ya mapumziko nalala usiku kama watu. Saa 10 alfajiri… getini kuna kiti.

Kiti kina mgongo.

BodaTororo · saa 3:14 usiku

😂😂😂 Mzee amezoea kweli!

TabibuTororo · saa 3:45 usiku

Msimcheke, amesema ukweli ambao wengi wanauficha.

Tatizo la mzee ndilo tatizo la Wakala, nalo ni jua. Saa ya mwili kwa watu wengi si ya saa 24 kamili, inazidi kwa dakika kumi hivi. Ingeachwa yenyewe ingeteleza kila siku. Kinachoirudisha mahali pake ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho kuna seli maalumu ambazo si za kuonea vitu. Kazi yake ni kupima mwanga, hasa wa rangi ya buluu kama wa mbingu, na kukipelekea taarifa kile kifundo. Taa ya chumbani inatoa kama laksi 100 (laksi ni kipimo cha mwanga), ya ofisi 300 mpaka 500. Jua la nje linaanzia laksi 10,000 na kuendelea. Usiku kucha Wakala amekaa chini ya taa hafifu, halafu saa 1 asubuhi anapanda boda, jua la Malaba limemkabili usoni. Saa yake inaambiwa: sasa ndiyo asubuhi, anza siku. Halafu anakwenda kuilazimisha ilale.

Kuna wafanyakazi wa mitambo ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Wanaofanya saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, wengi wao wanageuka kweli ndani ya wiki moja hivi. Wako baharini, wanatoka zamu wanaingia ndani kulala, hawana boda la kurudi nyumbani juani, hawana arusi ya Jumamosi wala watoto wa kupeleka shule. Wanaoteseka ni wakirudi nchi kavu.

MwalimuIganga · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Uzi mzuri huu. Nafundisha Kiswahili, nina la kuongeza ambalo Tabibu hakulisema.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua. Saa 1 ni saa ya kwanza ya mwanga. Waganda nao hivyohivyo, ssaawa emu ni asubuhi. Mzungu siku yake inaanza usiku wa manane akiwa amelala fofofo, haijui mpaka aambiwe na saa ya ukutani. Nikisoma anayosema Tabibu naona kile kifundo cha ubongoni kinahesabu Kiswahili.

Na huku kwetu ikweta jua halina mizaha. Kampala linachomoza saa 12 na dakika ishirini na kitu, likichelewa sana bado halijafika saa 1, mwaka mzima. Tofauti ni nusu saa hivi. Nchi za kaskazini mtu akitoka zamu ya usiku mwezi wa Desemba bado ni giza, anafika kitandani bila kuliona jua. Sisi hatuna bahati hiyo hata siku moja.

Jambo la pili, hadithi ninayowasimulia wanafunzi. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliweka mmea gizani, mmea unaodhaniwa kuwa wa jamii ya kifauongo, ule ambao watoto wetu wanaugusa ujikunje. Hakukuwa na jua kabisa, lakini majani yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku. Yaani mmea ulikuwa na saa yake ndani. Miaka mingi baadaye Mfaransa mwingine, Michel Siffre, akajifanya mmea yeye mwenyewe: mwaka 1962 aliingia pango la Scarasson kwenye milima ya Alps, akakaa miezi miwili bila saa wala jua. Walipomtoa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Akili yake ilipoteza siku 25! Lakini mwili wake ulikuwa umeendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliokaribia saa 24 na nusu.

Na swali kwa Tabibu: shule zetu za bweni tunawaamsha watoto saa 10 alfajiri kwa prepu, yaani kujisomea. Wanasinzia juu ya vitabu, tunawamwagia maji. Hili vipi?

TabibuTororo · saa 7:15 mchana

Mwalimu, mnawamwagia maji bure. Kijana wa miaka 14 mpaka 19 saa yake inasogea mbele yenyewe, usingizi unamjia amechelewa na asubuhi yake halisi inachelewa. Saa 10 alfajiri kwake ni katikati ya usiku. Ubongo unapanga yale aliyosoma jana wakati amelala, na ninyi mnamkatiza hapo. Najua huwezi kubadilisha ratiba ya shule peke yako. Basi angalau maji muache.

Hiyo ya saa ya Kiswahili nimeipenda, nitaiiba.

MukeneKalangala · saa 9:05 alasiri

Jamani mmewasahau wavuvi. Sisi wa mukene, wengine mnaita dagaa, kazi yetu ni usiku tangu tumezaliwa. Jua likizama tunaingia ziwani na taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Alfajiri tunarudi mwaloni, wanawake wanaanika, sisi tunalala.

Lakini mwezi ukiwa mpevu hatuendi, kwa sababu kukiwa na mbalamwezi taa zetu hazivuti samaki. Kwa hiyo kila mwezi tuna siku saba nane za kukaa nchi kavu. Watu wanadhani ndiyo raha yetu. Siku hizo usiku sina usingizi mchana sina usingizi. Halafu mwezi ukififia tunarudi ziwani, usiku wa kwanza na wa pili ndio wa hatari, mtu anasinzia amesimama kwenye mtumbwi. Ziwa halina breki.

Na mabanda yetu ni mabati. Saa 7 mchana humo ndani ni tanuri. Kaniki ya mama wa Bombo ingenipika.

MamaWaBombo · saa 9:30 alasiri

Banange! Basi lala chini ya mwembe mwanangu, na kitambaa machoni.

TabibuTororo · saa 2:50 usiku

Mama amesema kweli. Usingizi unakuja mwili ukipoa. Banda la bati saa 7 linauzuia mwili usipoe, kwa hiyo kivuli chenye upepo na kitambaa cheusi machoni ni bora kuliko giza la jikoni. Kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala nako kunasaidia, damu inakuja kwenye ngozi na joto linatoka.

Sasa malale. Zamani mkoa huu wetu wa mashariki uliumia sana: kati ya 1900 na 1920 Busoga na mwambao wa Ziwa Viktoria walikufa watu zaidi ya 200,000. Kimelea kinaletwa na mbung'o. Kikishaingia ubongoni kinaharibu mpangilio wenyewe, mgonjwa anasinzia mchana akila, akizungumza, na usiku anakesha. Ndiyo maana jamaa yako alikumbuka malale, dalili zinafanana kwa mbali. Lakini malale yana homa zinazorudirudi, tezi kuvimba, kukonda, kuchanganyikiwa, na hayajali kama uko zamu au likizo. Ile aina ya kaskazini magharibi, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Aina ya huku kusini mashariki bado inachungwa, inakaa kwenye ng'ombe. Ukiwa na homa njoo tupime damu. Huna homa, una ratiba mbaya.

DerevaWaElegu · saa 8:40 usiku

Nawasoma nikiwa nimepaki. Wakala, sikukutukana mimi, ila ningekutukana pia, yadi inakula pesa.

Mimi nabeba Mombasa mpaka Elegu, Sudani Kusini nikilazimika. Msitu wa Mabira saa 9 usiku nimeona mambo. Siku moja nilimwona ng'ombe mweupe katikati ya barabara, nikapiga breki, turnboy, utingo wangu, akaniuliza ng'ombe gani. Hakukuwa na ng'ombe. Siku hiyo nilisimama Lugazi nikalala mpaka jua likanichoma.

Watu wanafungua dirisha, wanaweka muziki juu, wanatafuna mairungi, yaani miraa. Nimefanya yote. Dirisha linakupa dakika tano. Mairungi yanakuweka macho lakini akili haipo, unaendesha kama mzimu, na ukiyatoa unaanguka siku mbili. Sheria nayo sasa hivi haiyataki.

TabibuTororo · saa 12:40 asubuhi

Dereva, umesema jambo ambalo ningetaka kila mtu wa barabara ya Jinja alisikie. Ubongo uliochoka unajizima wenyewe sekunde mbili tatu na macho yamefunguka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni mita 66 na zaidi bila dereva. Waliopima wanasema mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anajikwaa kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama 0.10. Hakuna askari mwenye kifaa cha kupuliza cha kulipima hilo.

Ulichofanya Lugazi ndiyo dawa. Hata usingizi mfupi unatosha: marubani wa safari ndefu waliopewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu walilala wastani wa dakika 26, wakaamka makini kuliko wenzao ambao hawakulala. Kunywa kahawa yako kwanza, kisha lala hapohapo. Kafeini inahitaji karibu nusu saa kufika kichwani, itakukuta unaamka. Na kumbuka kahawa yetu ya robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Wazee wetu waliokuwa wanatafuna buni, punje za kahawa, hawakuwa wajinga. Lakini nusu ya kafeini inabaki mwilini saa tano hivi baadaye, kwa hiyo Wakala, chupa unayofungua saa 11 alfajiri ndiyo inakuamsha saa 6 adhuhuri.

WakalaMpakani · Alhamisi, saa 10:05 alasiri

Nimesoma yote mara mbili. Tabibu, niambie nianzie wapi, kwa lugha ya mtu aliyechoka.

TabibuTororo · saa 2:20 usiku

Anza na mwanga, mengine yafuate. Usiku kaa chini ya taa kali kadiri unavyoweza, hasa nusu ya kwanza ya zamu. Ukitoka saa 1, vaa miwani ya jua ya giza na kofia yenye ukingo, ukiwa nyuma ya boda si ukiwa unaendesha. Kaniki ya mama dirishani. Lala mara tu ufikapo, usikae kusubiri chai na habari mpaka saa 3. Ukishaamka saa 7 au 8, ongeza kidogo kabla ya kuingia kazini, saa moja au moja na nusu kuanzia saa 2 usiku. Kinywaji chako cha mwisho chenye kafeini kiwe saa 8 usiku. Chakula: posho (ugali) na maharage kula kabla ya zamu, saa 9 usiku tumbo na ini vimelala hata kama wewe uko macho, sukari inapanda zaidi kwa chakula kilekile. Yai moja au rolex nusu, ile chapati ya kuviringishwa na yai, inatosha.

Lakini nikuambie ukweli, haya yote ni viraka. Shimo lenyewe ni ile zamu yenu: mchana, usiku, jioni. Mnakwenda kinyumenyume. Saa yetu inazidi saa 24, kwa hiyo kuchelewa inaweza, kuwahishwa inagoma. Zamu ikienda mchana, jioni, usiku, kila mara unalala baadaye kidogo na mwili unafuata. Yenu kutoka usiku kwenda jioni, kisha jioni kwenda mchana, ni kama kumvuta ng'ombe kwa mkia. Na wiki moja ni urefu mbaya: unaanza kugeuka, kabla hujafika unarudishwa. Ama usiku mmoja au mbili kisha upumzike, ama ukae muda mrefu. Mkuu wenu anaweza kubadilisha mpangilio bila kulipa shilingi moja. Ndiyo inayoniudhi.

Na si suala la kilo tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka kazi ya zamu ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, tangu 2007, wakarudia 2019. Mwambie hivyo akisema mnadeka.

AskariMzee_Kla · saa 3:00 usiku

Mimi mpangilio wangu nani atabadilisha? Kampuni ina foleni ya vijana wanaotaka kiti changu.

TabibuTororo · saa 3:25 usiku

Mzee, hilo sina jibu lake la dawa. Kwako ningesema usingizi wa nanga: chagua saa nne ambazo utalala kila siku, uwe kazini au mapumziko, tuseme saa 2 asubuhi mpaka saa 6. Nyingine ongeza unapopata. Hizo nne ziwe kigingi, saa yako isihangaike kila wiki. Na kofia, kutoka Kibuli mpaka Nsambya.

WakalaMpakani · wiki sita baadaye, saa 7:30 usiku

Wakuu, narudi kutoa mrejesho kwa kuwa wengine waliniuliza pembeni.

Miwani na kaniki vimefanya kazi. Sasa nalala saa 2 asubuhi, naamka saa 7 kasorobo, wakati mwingine 7 na nusu. Si saa nane nzima, lakini si tatu tena. Majirani wananiita mheshimiwa kwa ajili ya miwani. Waragi nimeacha, chupa za kuongeza nguvu nimebaki na moja, ya saa 6 usiku.

Mkuu nilimpelekea karatasi. Alicheka neno kinyumenyume, akasema yeye ratiba aliikuta hivyo. Wiki mbili baadaye akaibandika mpya ukutani: mchana, jioni, usiku. Urefu wa wiki amekataa kuugusa. Kulala dakika ishirini kazini amekataa kabisa, anasema mteja akikukuta umelala atasema nini. Basi saa 9 usiku madereva wawili watatu kwenye foleni wananiachia kitanda cha nyuma ya kabini, mimi nawanunulia soda. Saa 10 bado ni mbaya. Uzito wa kila lori sasa nausoma kwa sauti, namba moja moja, mwenzangu anasikiliza.

Siku za mapumziko bado sijapata ufumbuzi. Arusi ni arusi.

AskariMzee_Kla · saa 10:50 alfajiri

Nipo macho. Mama wa Bombo, ile kaniki nzito, sokoni Owino wanauza mita shilingi ngapi siku hizi?